Taa Nyekundu na Zamu ya Kisima

Siku ile haijanitoka, mwanangu, na jana ulipokuwa unapiga honi pale kwenye taa za Kitengela, yote ilinirudia. Mimi shangazi yako nilikuwa nimekaa kando yako. Gari la mbele uliliita ng'ombe. Laiti lingekuwa ng'ombe!

Nilikuwa msichana, ukame umekaza, na babu yako alinichukua tupeleke mifugo kisimani, upande wa Isinya. Tulikuwa tumebaki na ng'ombe wachache. Mmoja tu, yule mwekundu, ndiye aliyekuwa bado na maziwa. Baba yako alikuwa mtoto mchanga, mama yetu mgonjwa hawezi kunyonyesha. Mwekundu akifa, tulijua nani angefuata.

Tulikuta makundi yamejaa bonde zima. Kisima chetu kina zamu: mmoja ananywesha, wengine wanasimama mbali. Sasa ng'ombe mwenye kiu akishanusa maji, fimbo haimzuii. Lakini wale walisimama. Wachungaji walipiga mluzi wa polepole, kila mmoja wa kwake, na kila kundi likasikiliza wa mwenyewe. Nilishangaa mpaka nikasahau kiu yangu. Hata leo nikisimulia mwili unanisisimka.

Mara mwekundu akapiga magoti, kisha akalala chini.

Nikalia, "Baba, tupite tu! Atakufa huyu!"

"Tukisukuma sisi, wote watasukuma," akasema. "Watakanyagana, na hakuna atakayekunywa. Simama na mimi."

Saa hiyo nilimchukia, sikufichi.

Mzee aliyekuwa kwenye zamu, mtu tusiyemjua kabisa, akageuka akamwona mwekundu. Akapiga mluzi mmoja. Ng'ombe wake, vichwa vimeshainama kwenye birika la kunyweshea, wakarudi nyuma. Wakarudi na kiu yao, mwanangu! Akatuita, "Njooni mchote!" Nikakimbia na ndoo katikati ya makundi yale yote, na njia ilikuwa wazi, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiziba. Mwekundu akanywa akiwa amelala. Jua lilipopoa akasimama, na usiku huo baba yako akapata maziwa.

Basi nisikilize. Taa ikiwa nyekundu, tulia, hata ikichelewa mpaka uione kama imekusahau. Usijisukume katikati ya njia panda ati kwa sababu na wengine wamejisukuma. Nyuma yako huenda kuna ambulansi, ndani yake mama wa watu, na hiyo nafasi uliyoijaza ndiyo ilikuwa njia yake. Honi haifungui njia. Kungoja ndiko kunakoiacha wazi.

Enkai, Mungu wetu, akulinde barabarani, mwanangu. Na siku utakapokuwa na haraka ya kweli, akukutanishe na watu wa kukupisha.