Kuku wa Mama wa Miasenyi

Leo nusura nichinje karo ya mtu.

Tulikuwa Voi, kwa harambee ya vijana wetu waliopata nafasi chuo kikuu. Mama anayeuza vitunguu kando ya barabara kule Miasenyi akaingia na kuku. Mimi, mratibu mzima, nikamwambia, "Asante mama, peleka jikoni."

Akamvuta kuku kifuani.

"Huyu si wa supu, mwanangu. Huyu ni wa mnada."

Na mama huyu hana mtoto hata mmoja kwenye orodha ya wale vijana.

Kuku akanunuliwa, akarudishwa, akauzwa tena. Mara tano. Akaingiza pesa kuliko meza nzima ya wageni wa heshima.

Mnunuzi wa mwisho akataka kumrudishia mama. Mama akakataa. "Nilishamtoa."

Mnunuzi akaniachia mimi, na sasa yuko jikoni kwangu, mzima. Wewe ungemchinja?