Kiingereza Alichorudi Nacho Nzabandora

Nzabandora alirudi Muheto kutoka vitani mwaka 1946 akiwa na buti mbili, kovu shingoni na Kiingereza. Buti zilichakaa upesi. Kiingereza kilimpa jina, kwa sababu huko Masisi, katika Kongo ya Wabelgiji, wazungu wote walisema Kifaransa, na hakuna mwingine pale kilimani aliyeweza kujibizana na Mwingereza.

Alikiokota Misri, katika kambi ya jangwani, kwa sajenti wa Afrika Kusini aliyesimamia ghala la mafuta. Sajenti huyo akisema "just now", ulijua bado una muda wa kuvuta sigara yako ukaimaliza. Maana yake ilikuwa baadaye kidogo, wakati atakapopenda mwenyewe. Nzabandora alilishika neno hivyo, wala haikumjia akilini kwamba kuna mahali linasemwa kwa maana nyingine.

Mwaka 1950 akapita mzungu mmoja, Makrei, akitafuta mkalimani. Alikuwa Mskoti, ameajiriwa kupasua mwamba kwenye machimbo mapya upande wa Pinga. Kifaransa alikijua kwa shida, na Kiswahili hakuwa nacho kabisa. Nzabandora aliongea naye uani nusu saa nzima, watu wamejaa kwenye ua kusikiliza.

Mzungu alipoondoka, Nyiraneza, mke wa Nzabandora, hakufurahi.

"Ule muzungu akisema, wewe unakunja uso," alimwambia. "Unamusikia kweli?"

"Ninamusikia."

"Yote?"

"Mama, mimi nilifanya vita pamoja na Waingereza."

Ukweli ni kwamba alisikia kama nusu. Maneno ya Makrei yalitoka kooni, yakikwaruza, na mengine Nzabandora hakuwahi kukutana nayo popote. Lakini angewezaje kusema hivyo, watu wote wale wakimtazama? Akaenda. Semana, mdogo wake Nyiraneza, alikwenda naye kuwa mchimbaji.

Wiki ya pili Makrei alimwagiza wapagazi "the morn". Nzabandora akasikia asubuhi ileile. Akawaita palepale, watu ishirini wakasimama kwenye mvua hadi adhuhuri, na kumbe kwao Makrei neno hilo ni kesho. Mzungu alicheka sana. Nzabandora naye akacheka. Alijua kwamba angepaswa kumwambia Makrei wakae chini, wapitie maneno moja moja. Kila jioni alijiambia atafanya hivyo kesho yake. Hakufanya.

Siku ya kupasua mwamba ilikuwa na ukungu mzito. Baruti ilishindiliwa kwenye mashimo saba. Kuwatoa watu ilikuwa kazi ya Nzabandora: mzungu angempigia kelele kutoka juu, yeye angewaambia walio chini. Wengi walikwisha kupanda hadi kwenye njia, wakajikinga nyuma ya jabali. Ndipo sauti ya Makrei ikashuka kutoka kwenye ukungu: anawasha utambi, "just now".

Semana alimshika mkono.

"Shemeji, koti yangu imebakia kule chini. Niko na wakati ya kuichukua?"

"Iko wakati," Nzabandora akamjibu. "Anasema bado kidogo."

Semana akateremka mbio, miguu mitupu. Ukungu ukammeza.

Kisha Nzabandora akamwona Makrei anakuja anakimbia, ameinama, viganja kwenye masikio. Hapo akaelewa. Alipaza sauti akamwita Semana kwa jina, akamwita mara ya pili, na mara ya tatu hakuna aliyemsikia, kwa sababu kilima kilikuwa kimefunguka.

Walimfukua hadi jua likazama.

Mkuu wa wilaya alikuja na karani wake. Makrei aliapa kwamba alitoa taarifa ya sasa hivi, na kweli kwao neno lile ni sasa hivi. Karani akaandika kuwa ni ajali, mchimbaji alirudi kwa hiari yake. Mkalimani hakuulizwa alisikia nini. Nzabandora alingoja kuulizwa mpaka gari lao likaondoka.

Nyumbani alimweleza Nyiraneza mwenyewe.

"Ni wewe ulimuambia iko wakati?"

"Njo mimi, mimi nilimuambia."

Nyiraneza hakulia mbele yake wala hakumtukana. Alimwekea chakula jioni ile na siku zote zilizofuata, lakini jina la ndugu yake hakulitaja tena mume akiwa ndani. Nzabandora alilima maharagwe yake. Watu wakimwomba awasemeshe Kiingereza, alisema amekisahau.

Mwaka 1957 Hakorimana, mtoto wa jirani aliyesomea Kampala, aliandikwa kuwa mkalimani wa Waamerika waliokuwa wanapima barabara ya Walikale. Walikuwa na baruti. Nzabandora alipanda nyumbani kwa kijana siku hiyohiyo.

"Wakikuambia sasa, uliza ni dakika ngapi," alisema. "Uliza namba, usikubali neno tu."

"Papa, Kiingereza iko kimoja," Hakorimana akamjibu kwa upole, huku akifunga sanduku lake. "Sisi tulikisoma mu kitabu."

"Kitabu ya wapi?"

Chini barabarani lori la Waamerika likapiga honi, na sauti ya puani ikaita maneno mawili matatu. Nzabandora alitega sikio, hakuambulia hata moja.

"Anasema nini?"

"Anasema twende," alisema Hakorimana. Kisha akasita. "Nafikiri."

Akabeba sanduku, akateremka.