Nilivyoliliwa kwa Ajili ya Goroli

Mwenzenu juzi nimeliliwa nikiwa mzima, na kosa ni langu.

Hapa Sitalike nina gobore la kibali, la kufukuza nguruwe pori shambani. Goroli linazofyatua nazitengeneza mwenyewe kwa kuyeyusha risasi chakavu, yale madini ya kwenye betri za gari. Kipimo changu ni sikio. Naidondosha goroli sakafuni. Ikilia kama sarafu ni ngumu mno, ikitua kwa kishindo kizito ni laini, inafaa. Ili nisikie vizuri, nalala chini, sikio kwenye saruji, macho nimefumba.

Juzi hiyo jirani yangu Mama Kulwa akasukuma mlango, akanikuta hivyo.

"Yesu wangu! Kafa! Kafa peke yake kama kuku!"

Nilitaka kuinuka. Lakini alishampigia simu Zawadi, mdogo wangu wa mwisho, mwenye duka kule mjini, Kashaulili. Wazazi walipofariki niliacha shule nikamlea yeye na wenzake. Siku hizi kila nikimwambia aje, yuko bize. Basi nikabaki pale pale, nimebana pumzi. Nilitaka tu kusikia kama atakuja.

Simu ya Mama Kulwa inasikika hadi barabarani.

"Kaka yangu jamani! Nachukua bodaboda, nakuja sasa hivi!"

"Njoo mwanangu, tumebaki yatima!" Mama Kulwa akaangua kilio, utadhani nilimlea na yeye.

Furaha ilinipanda hadi nikasahau kwamba nimekufa.

"Zawadi," nikaita kutoka sakafuni, "bodaboda wanakimbiza mno. Panda gari, mdogo wangu."