Mnabishana bangi ihalalishwe au la, mimi niliona mama wa watu akiwekwa mahabusu kwa mlenda

Wakuu, mnaostahili shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Nimesoma ule uzi wa kuhalalisha bangi mpaka page ya mwisho. Mnabishana utafikiri mpira! Mzee wenu nimechoka. Ngoja niwape yaliyonikuta mwenyewe, sitii chumvi.

Miaka ya sabini huko, mimi kijana wa mgambo kijijini kwetu Sibwesa. Enzi hizo ukiona gari la polisi limefika kwetu, ujue kuna jambo.

Asubuhi moja akaja afande na Land Rover. Kaambiwa kuna mashamba ya bangi, nikapewa kazi ya kumuongoza.

Shamba la bangi lilikuwepo kweli, na kijiji kizima kilijua la nani. Ila jamaa alikuwa na undugu na wakubwa. Hata njia ya kwake hatukupita.

Tukaishia kwa Mama Skola, mjane, jirani yetu. Nyuma ya nyumba alikuwa na mlenda. Kuna aina fulani majani yake yamepasuka kama vidole, usipoijua utaapa ni bangi.

Afande akang'oa shina moja. "Hii nini?"

"Mlenda, baba. Mboga." Akanigeukia. "Deo, si umwambie? Juzi tu umekula hapa."

Afande akanikazia macho. "Mgambo, unaijua hii?"

Wakuu, nilikuwa naijua vizuri sana. Nikajibu, "Sina uhakika, afande."

Sina uhakika! Yaani mpaka leo nikikumbuka najichukia.

Mama wa watu akapakiwa kwenye gari pamoja na mboga zake. Wiki tatu mahabusu, kisa hakuna wa kuyaangalia yale majani. Alipopatikana bwana shamba, akanusa, akacheka, akauliza ugali uko wapi. Mama akaachiwa bila hata pole, akarudi kwa miguu.

Wenzake walishapandikiza mpunga. Miche yake imezeekea kitaluni.

Nikabeba jembe nikaenda kumsaidia. Akanipokea lile jembe taratibu, akaliegemeza ukutani.

"Nenda nyumbani, Deo. Nilikuwa nakuhitaji siku ile."

Mwaka ule alikula kwa kuomba.

Sasa nyie halalisheni au msihalalishe, mimi sivuti wala sitetei. Nilichojifunza ni hiki: sheria yoyote ikishikwa na waoga kama mimi, anaumia asiye na mtu. Kama unajua, sema palepale.

Kuna mwingine humu aliwahi kunyamaza hivi? Nisuteni mkitaka, ila na nyie semeni ya kwenu.