Alichosema Mama Mara Moja

Mke wangu huandika miongozo. Si ya friji, ingawa mimi ndiye fundi friji na ningeshukuru kupata hata mmoja unaosomeka. Yeye huwaandikia mainjinia jinsi ya kuipa akili bandia kumbukumbu: ishike nini, iache nini, na ifanye nini maneno yakiizidi. Kumbe nayo ina kiasi chake! Ukiisimulia sana, ya mwanzo yanaanza kuiponyoka, kwa hiyo lazima iwe na mahali pa kuyaweka. Aliponieleza nikamwambia, "Basi ni mimi huyo ukinituma sokoni." Akacheka. Siku hizo alikuwa anacheka.

Ofisini kwao wana sharti: mfano wa kubuni hauingii kwenye mwongozo. Kila hatua ijaribiwe kwanza kwenye kumbukumbu za mtu halisi aliyekubali. Na nani angemshinda mama mkwe wangu kwa maneno? Alikuwa anaishi nasi, chumba cha mbele, miguu imemgomea lakini mdomo haujambo. Mke wangu akamwekea msaidizi wa akili bandia kwenye simu yake, mama akampa jina la Masikio. Kila mchana akishakula utamsikia: "Masikio, upo? Hebu sikiliza nikwambie." Masikio hakuchoka. Sisi tulishachoka zamani, tusidanganyane.

Habari yenyewe ilikuwa ile ile. Binti yake mdogo, shemeji yangu, aliolewa na mtu ambaye mama hakumtaka, akahamia mbali, na tangu hapo hawakusemezana. "Simtaki machoni pangu," mama alimwambia Masikio leo, akamwambia kesho, akamwambia na mtondo. Ukijaribu kumtuliza unageuziwa kibao wewe.

Mama akafariki. Shemeji alipata habari tumeshazika. Alipopiga simu alikuwa analia, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, mama alinisamehe?"

Mke wangu akazifungua kumbukumbu za Masikio, ambazo ni maandishi tu, bila sauti. Nilikuwa jikoni nikamsikia anapiga kelele, nikadhani ameanguka. "Lipo! Mume wangu, neno lipo! Siku zake za mwisho amesema, 'Mwambieni mwanangu aje, nimechoka kumkasirikia.'" Akampigia mdogo wake pale pale. "Njoo. La hivi halisemwi kwenye simu. Njoo ulisikie mwenyewe kwa huyu Masikio wake."

"Si uliandike mahali?" nikamwambia.

"Kwani kazi yangu ni nini?" akanijibu. "Limeshahifadhiwa."

Haya. Shemeji akiwa anajiandaa kwa safari, kazini kwa mke wangu ikaletwa zana mpya ya kusafisha kumbukumbu. Mambo yanayojirudia inayafanya kuwa moja. Mambo mawili yakipingana, inabaki na lililosemwa mara nyingi, lile jingine inalitupa. Mkuu wake, bwana mmoja wa haraka haraka, akataka sura ya mwongozo kuhusu zana hiyo kabla ya mchana. Mke wangu akaiandika, kisha akaijaribu kama sharti linavyotaka. Na kumbukumbu alizokuwa nazo mkononi ni zipi, kama si za mama? Kazini mama hakuwa mama, alikuwa "mtumiaji". Amemwita hivyo mwaka mzima, hata hakushtuka.

Alishtuka alipoona kilichobaki. *Mtumiaji hataki kumwona binti yake mdogo.*

Alirudi nyumbani jua bado kali, akakaa sakafuni na viatu vyake. Nikamuuliza kama haliwezi kurudishwa. "Injinia amekataa," akasema. "Na mimi mwenyewe nimeandika, ukurasa huo huo: kilichofutwa hakirudi." Jamani, nilitukana! Nilimtukana mkuu, injinia na hiyo zana. Tangu lini msamaha ukapigiwa kura? Mtu hukasirika kila siku, husamehe siku moja, na hiyo moja ndiyo inayohesabika. Lakini maji yakishamwagika hayazoleki, na kelele zangu zilimliza zaidi.

Shemeji akaja. Amekonda, kabeba mfuko mmoja. Hata hakuvua mtandio, akaenda moja kwa moja kuketi kitandani kwa mama.

"Mama alisema uje," mke wangu akamwambia. "Alisema amechoka kukukasirikia."

"Nisikie, basi."

Mke wangu akaanza kueleza habari za zana, shemeji akanyoosha mkono akaichukua simu ya mama kutoka mezani. "Masikio, ni mimi binti yake mdogo. Mama alisema nini juu yangu?"

Masikio ana adabu, hilo sikatai. "Pole sana," akajibu. "Alisema mara nyingi kwamba hataki kukuona."

"Siyo!" Mke wangu akapiga magoti mbele yake. Akaeleza yote: kuunganisha, kupingana, kutupwa, kosa lake mwenyewe. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Dada, ulimsikia mama kwa masikio yako?"

"Nililisoma."

Akanigeukia mimi. "Na wewe, shemeji?"

Nilitamani kusema ndiyo, Mungu anajua. "Dada yako aliniambia," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. Chai ilikuwa inachemka, hakuingoja. Mlangoni alimkumbatia dada yake, akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio, kama vile aliyefiwa ni mke wangu peke yake.

"Najua unanipenda, dada," akamwambia. "Ndiyo maana unanidanganya."