Nilimuuzisha mke wangu mashine yake ya kusaga ninunue hisa za semiconductor

Wakuu, heshima kwenu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Naona humu siku hizi kila mmoja amekuwa mchambuzi wa hisa za ng'ambo, nikasema ngoja niwaharibie siku.

Mimi ni clearing agent hapa Busia, upande wa Uganda. Nyumbani ni Nagongera. Miaka kumi na mbili naandaa makaratasi ya mizigo inayovuka mpaka. Code ya ushuru ya kandambili au ya betri za solar nakutajia bila kufungua kitabu. Shikeni hapo, maana ujuzi huo ndio ulioniponza.

Mwaka jana nilianza kuangalia video za jamaa mmoja anayechambua hisa. Alikuwa anasifia kampuni ndogo ya huko nje inayotengeneza silicon carbide. Kwa wasiojua (hata mimi sikujua, nilijifanya tu), ni material ngumu sana inayotumika kwenye semiconductor, yaani chip za kielektroniki, za magari ya umeme. Kampuni ilidai imepata njia ya kuitengeneza kwa bei ya chini mno.

Jamaa akasema hiyo ni disruptive, yaani itapindua soko zima. Nikaanza kusema disruptive hata nikiagiza chai.

Sasa sikieni upumbavu wenyewe.

Nina mteja wa Tororo, tumwite Hajji, ana malori na yadi. Siku moja naandaa makaratasi yake, nakuta kwenye invoice: silicon carbide powder. Ile ile ya kwenye video! Nikafukua makaratasi yake ya nyuma. Mwanzo wa mwaka ilikuwa mifuko michache. Baadaye nusu lori. Sasa lori zima.

Nikajiambia dunia bado imelala, mimi nimekaa mpakani demand inapita mbele ya macho yangu. Insider, wakuu, mtu mwenye siri za ndani. Insider wa kandambili.

Mtauliza kwa nini sikumuuliza Hajji unga huo ni wa kazi gani. Agent haulizi. Kazi yetu ni code na ushuru, mzigo ukishatoka geti si shida yetu tena. Halafu niliogopa nikiuliza atashtuka, anunue hisa kabla yangu.

Mke wangu, Apio, alikuwa na mashine ya kusaga pale Nagongera. Yake. Aliipata kwa kuuza samaki wakavu gulio hadi gulio kwa miaka sita. Siku za soko foleni ilikuwa inafika barabarani.

Nilimsumbua mwezi mzima aiuze. Nilimchorea graph kwenye daftari la mtoto. Akaniuliza swali moja tu, kwa Kiswahili chetu cha huku:

"Hiyo kampuni nasaga nini?"

Nilicheka. Nikamweleza habari za magari ya umeme kwa dharau ambayo leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Mwishowe akasema, "Sawa. Wewe ndiyo najua karatasi." Akauza.

Pesa yote niliinunulia hisa za kampuni ile siku moja, kwa broker halali kabisa. Sikutapeliwa, mnielewe. Ningetapeliwa ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Miezi minne baadaye kampuni ikatoa ripoti. Teknolojia inafanya kazi maabara, kiwandani bado, na mteja wao mkubwa amejitoa. Hisa zikaporomoka hadi zikabaki makombo. Wenzangu wa kwenye group la WhatsApp la yule jamaa wa video wakauza, mimi nikawaita waoga. Wao walikuwa hawajaliona lori la Hajji.

Nikaenda Tororo kujipa moyo.

Nikamkuta yadini, mifuko imepangwa hadi karibu na dari. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayejua siri, anauzia viwanda gani vya elektroniki.

Hajji akapiga kofi mfuko wa karibu.

"Elektroniki wapi? Hii ni ya kusugua terrazzo. Watu nazika wazazi, nataka kaburi nang'aa."

Akanipeleka nyuma. Fundi alikuwa anamwaga unga na maji juu ya slab ya kaburi la mtu wa Mella, hapo jirani, anasugua taratibu.

Hiyo ndiyo ilikuwa demand yangu. Wenye pesa wa Mella na Kiyeyi wameingia fasheni ya makaburi, mimi nikaona mapinduzi ya semiconductor.

Na hata kama unga ungekuwa wa elektroniki, haukutoka kwenye kampuni yangu. Jina la muuzaji lilikuwa pale pale kwenye invoice. Nimelinakili kwa mkono wangu sijui mara ngapi. Mtaalamu wa karatasi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyumbani. Apio alibeba mahindi akaenda kupanga foleni kwenye ile mashine iliyokuwa yake. Aliporudi akaweka unga mezani, na noti zake pembeni. Nikamuuliza mbona hakulipa.

"Wamekataa pesa yangu," alisema. "Wanasema pole."

Akaingia jikoni kupika. Ugali ule niliula, wakuu, na aibu yangu yote.

Nilichojifunza ni kwamba kuuona mzigo ukipita si kuijua biashara. Na mtu akikuuliza swali jepesi ukamcheka, jua kwamba jibu huna.

Matusi nayapokea, pole sitaki, nyumbani zimetosha. Ila wachambuzi wa humu, kabla hamjanitukana, kila mmoja aandike hapa chini: hiyo kampuni uliyonunua inasaga nini?