Muuaji wa Glavu Nyeusi kwa Sauti ya Baba

Baba yangu aliacha kusema na mimi siku nilipomwambia nina mimba, na hakusema tena kwa mwaka mzima na miezi miwili. Ilikuwa 2007. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari juzijuzi tu, na aliyenipa mimba alikuwa ameshahamia Alberta na simu yake haipokelewi. Siandiki haya ili nionewe huruma. Naandika ili mjue kwamba nilipoanza kuangalia filamu za Kitaliano za watu wanaochinjwa kwa wembe, hasira za kuziangalia nilikuwa nazo tayari.

Tulikaa Thorncliffe Park, mjini Toronto, ghorofa ya kumi na moja, vyumba viwili na sebule: baba, mama, mimi, halafu na mtoto wangu wa kike. Katika nyumba ya ukubwa ule huwezi kumkwepa mtu. Baba akawa anamtumia mama. Tumekaa meza moja, chumvi iko mbele yangu, yeye anamgeukia mama: "Mwambie mwanao asogeze chumvi."

Mama ananigeukia: "Baba yako anasema usogeze chumvi."

"Mwambie mkono anao."

Mama alivumilia upuuzi huu mpaka mtoto alipofikisha miezi mitano. Siku hiyo akaweka mwiko mezani. "Mimi si posta," akasema. "Kuanzia leo mwenye barua yake aipeleke mwenyewe." Na akaacha kweli. Mimi na baba tukawa tunapishana kimya kama wapangaji waliogombania choo.

Kunyamaziwa ningeweza kuvumilia, maana na mimi nina kiburi, sikukiokota barabarani, nimekirithi kwake. Kilichonichoma ni kwamba baba hakuwa amempakata mtoto hata mara moja. Mtoto akiwa amelazwa kwenye mkeka sebuleni, baba anapita pembeni, anamzunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Nikaamua kuhama. Mama mmoja wa Kikongo, aliyekuwa akiosha wazee pamoja na mama yangu kwenye nyumba ya kulelea, alikuwa na chumba cha chini ya nyumba yake huko Brampton, mji wa jirani. Nilimwahidi nitaingia tarehe mosi ya mwezi wa tano. Nikamwambia mama, nikijua atamwambia baba usiku chumbani, na alimwambia. Asubuhi baba akaenda kazini kama kawaida.

Wakati huo nilikuwa na kazi ambayo hadi leo nikiieleza watu wanacheka. Mjini kulikuwa na duka la kukodisha filamu, unashuka ngazi, halina dirisha. Mwenye duka alikuwa Mzungu mpole mwenye makombo kwenye ndevu, na wateja wake walikuwa watu wazima wenye kazi zao wanaoweza kubishana saa nzima juu ya rangi ya koti la muuaji. Walichokuwa wakikitafuta kama dawa ni filamu za Kitaliano za zamani za mauaji na upelelezi. Waitalia wanaziita giallo, yaani njano, kwa sababu hadithi hizo zilianza kama vitabu vya bei rahisi vyenye majalada ya njano. Nyingine hazikuwahi kutolewa tena tangu enzi hizo. Mwenye duka alikuwa akizichimbua kwa wajane wa Kitaliano upande wa magharibi wa jiji, maboksi ya mikanda ambayo marehemu waume zao walitumiwa na ndugu kutoka Italia. Mikanda haina maandishi chini. Ni Kitaliano kitupu.

Kazi yangu ilikuwa kukagua. Unauangalia mkanda mwanzo mpaka mwisho, unaandika kwenye fomu: dakika ya ngapi kuna chenga, wapi sauti inakatika, wapi picha inaruka. Nilipomwambia mwenye duka kwamba nina mtoto mchanga, akasema nenda nayo nyumbani, mradi una deki ya video.

Deki tulikuwa nayo. Baba aliinunua kwenye mauzo ya vitu vikuukuu vya kanisani, akaipangusa vumbi, akaiweka chini ya televisheni, basi. Sikumbuki kumwona akiiwasha.

Na hapa lazima niseme baba alikuwa nani. Kabla hatujaja Kanada, kule Morogoro, alikuwa mtafsiri katika banda la video. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka: mabenchi, blanketi kwenye dirisha, baba ameketi kando ya televisheni na kipaza sauti kilichofungwa leso, anawasemea Wachina, Wahindi na Wazungu wote peke yake. Watu walikuwa wanauliza mlangoni, "Leo anatafsiri nani?" na wakisikia ni yeye, wanaingia hata kama mkanda wameshauona. Hakujua lugha hata moja ya hizo. Alikuwa anauangalia mkanda mara moja, peke yake, halafu kazi inaanza. Sheria yake ilikuwa moja: mdomo wa mtu kwenye kioo ukienda, useme, ukifunga, na wewe funga. Toronto haikuwa na haja na mtu wa namna hiyo. Akaenda kupanga mikate kwenye kiwanda cha Brampton, wanaume wanne kwenye gari moja kabla ya alfajiri, na kila mwaka akazidi kupungua maneno. Kwa hiyo msifikiri mimi peke yangu ndiye niliyemnyamazisha.

Jumamosi ya kwanza niliweka mkanda mchana, mtoto yuko mkekani. Baba alikuwa ametoka kiwandani, unga kwenye nyusi, ameshika chai yake. Filamu ilikuwa kama zote za aina yake. Dada mzuri mwenye nyumba kubwa isiyo na taa hata moja inayowashwa. Mtu amevaa glavu nyeusi, uso huuoni. Damu rangi ya nyanya za kopo. Na dada akifukuzwa, mlango wa nje upo wazi, yeye anapanda ngazi kwenda juu! Nilikuwa nazipenda, siwafichi. Nilikuwa naziogopa na kuzitukana na kuzipenda.

"Hata sijui wanasema nini," nikamlalamikia mama aliyekuwa jikoni.

Dada kwenye kioo akanyanyua simu. Akaanza kusema haraka haraka, macho yamemtoka. Ndipo nikasikia sauti ya chini, ya mtu anayeongea na mtoto:

"Huyu dada anampigia shangazi yake. Anasema, shangazi, nyumba hii niliyopanga ina mambo. Nitumie nauli nirudi."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka ataacha. Mama akatokea mlangoni na kitunguu mkononi, naye akasimama hapo hapo.

"Yule wa koti usimwamini," baba akaendelea kumwambia mtoto, bado hamwangalii. "Steringi ni huyu mwenye kamera, ndiye atakayeshinda mwishoni. Lakini steringi mwenyewe bado amelala usingizi."

Akaenda nayo mpaka mwisho. Inspekta mwenye masharubu akamfanya mkali, anayeongea kama karani wa serikali. Mwenye nyumba akamfanya Mpemba mwenye duka. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye mkono wa kochi. Mkanda ulipokwisha baba akaosha kikombe, akaenda kulala. Kwangu mimi, hata salamu hakuna.

Jumamosi iliyofuata vile vile, na ile nyingine. Mimi nikazidi kukasirika. Anasema na Waitalia waliokufa, anasema na mtoto wa miezi saba asiyejua hata kukaa vizuri, na mimi niliye hatua mbili kutoka kwake ananiona ukuta.

Basi ikawa wiki ya mwisho ya mwezi wa nne. Nguo zangu zilikuwa zimeshaingia kwenye mifuko, mifuko ipo ukumbini, kila mtu anairuka. Nikaweka mkanda. Katika filamu hii kulikuwa na binti mwenye nywele nyekundu aliyeona mauaji, na inspekta mzee anayemhoji. Wamekaa ofisini, inspekta anavuta sigara. Mdomo wake ukaanza kwenda.

"Binti," akasema baba, "unasema humjui muuaji. Sasa mlango ulimfungulia nani?"

Mdomo wa binti ukafunguka. Baba hakusema. Kwa kawaida alikuwa anawasemea wote, wanawake anawapandishia sauti, lakini safari hii alinyamaza, na mdomo wa yule dada ukawa unaenda bure. Nikasema mimi.

"Nilimfungulia kwa sababu alisema ananipenda, inspekta. Wewe hujawahi kudanganywa?"

Mama akafunga bomba la maji.

"Nimefanya kazi miaka saba kwenye baridi hii ili wewe usome. Nilitaka uwe nesi," akasema inspekta kwa sauti ya baba.

"Naweza kuwa nesi bado. Kwani manesi hawazai?"

"Kanisani wananiuliza. Kwenye gari la kazini wananiuliza. Niwajibu nini?"

"Ungewajibu umepata mjukuu. Ni neno moja tu, inspekta. Halimalizi pumzi."

Kamera ikamrudia inspekta. Huyo mzee wa watu alikuwa na hotuba ndefu, anasimama, anaenda dirishani, anarudi, mdomo unakwenda tu, mikono inakwenda. Baba hakutia neno. Sijawahi kumwona akiuacha mdomo wa mtu upite mtupu, si Morogoro, si hapa. Tukamwangalia inspekta akihutubia Kitaliano chake mpaka akachoka mwenyewe.

Halafu ofisi ikaondoka kwenye kioo. Binti anapanda ngazi za nyumba yake, gauni jeupe. Mara yuko mtaani, mchana, amefungwa bandeji mkononi.

Baba akaweka kikombe chini. "Rudisha nyuma," akasema.

Nikageuka. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Rudisha. Huu mkanda umekatwa."

Mwaka mzima na miezi miwili. Nilisimama, na nadhani majirani wa ghorofa ya tisa walinisikia. "Nimejifungua hospitali hukuja! Mtoto ameumwa kifua hukuuliza! Halafu neno la kwanza unaniambia rudisha nyuma?"

"Sasa ulitaka nisemeje? Angalia mkono wake! Kwenye ngazi hana bandeji, huku ana bandeji. Nani kamfunga?"

"Sitaki habari za bandeji!"

"Hutaki, na kazi yako ndiyo hiyo? Wanakulipa kulala?"

"Tarehe mosi naondoka, utakaa na Waitalia wako!"

"Nimesikia. Brampton. Mimi naenda Brampton kila siku ya Mungu, usinifundishe Brampton. Vyumba vya chini vina unyevu. Mtoto atakohoa."

"Mtoto gani? Huyo unayemruka kama maji machafu?"

Mama akasema taratibu, "Baba watoto, jibu." Baba akautazama mkeka. Mtoto alikuwa ameanza kulia kwa makelele yetu.

"Nikimshika, yameisha," akasema. "Nitashindwa tena kukukasirikia. Na nilikuwa sijamaliza kukasirika."

Hilo ndilo jibu alilonipa baba yangu, mtu mzima. Sikujua nimpige au nicheke. Nikamwambia, "Mimi pia sijamaliza. Hujaniona nikimnyima mtu mtoto." Nikambeba mwanangu, nikamtia mikononi mwake kwa nguvu, bila kumuuliza kama yuko tayari. Alimpokea viganja vimenyooka, kama trei ya mikate iliyotoka kwenye moto. Mtoto akaendelea kulia kwenye shati lenye unga. Baba akamwinua begani, akaanza kutembea naye kutoka dirishani mpaka kwenye mifuko yangu na kurudi, na uso wake nikauacha, sikuutazama, maana yapo mambo ambayo hata mwenye hasira anayaheshimu.

"Haya," akasema akiwa amenipa mgongo. "Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Ngazi, gauni, chenga za kufumba na kufumbua, bandeji. Kweli umekatwa. Mimi macho yangu yalipita hapo bila kuona kitu. Nikaandika kwenye fomu. Jumatatu mwenye duka aliposoma alisisimka, akampigia mtu mwenye nakala nyingine, na wateja watatu wakaanza kubishana hapo hapo kwenye kaunta kuhusu kilichokuwamo katika kipande kile. Mmoja aliniuliza nani aliyegundua. Nikamwambia baba yangu, mtaalamu, ameifanya kazi hii Afrika miaka mingi. Akainamisha kichwa kwa heshima, na mimi nikavimba kama mtu aliyesifiwa mwenyewe.

Nilimpigia yule mama wa Kikongo kumwambia siji. Alinifokea kwa Kiswahili na Kifaransa, alikuwa ameshanitandikia kitanda, na alikuwa na haki. Nikatoa nguo kwenye mifuko.

Baba hakuniomba radhi, na mimi sikumwomba. Kuna siku bado nakumbuka ile chumvi na damu inanichemka. Lakini Jumamosi iliyofuata niliweka mkanda bila kumsubiri anawe uso, akatoka bafuni mbio, taulo shingoni, mtoto kwapani, akanifokea kwa jina langu kamili. Akasema sina adabu, akasema yule dada wa juzi nilimsemea kama mtu wa benki, hakuna binti anayefukuzwa na muuaji akaongea hivyo. Alinifokea mimi mwenyewe, ananitazama usoni, na mama jikoni wala hakuitwa.